Pesa Inayoungua Chini ya Chungu

Hapa Kapalata, mjini Kisangani, mwanamke akikuambia kwamba watoto wake wamelala njaa, usikimbilie kumuuliza habari ya unga. Muulize habari ya makala, ule mkaa wa kupikia. Kisangani chakula cha maskini hakikosekani kabisa: nyuma ya nyumba kuna mashina ya muhogo, sombe lake unachuma bure, na jirani mwenye migomba hakunyimi makemba mawili. Ila hakuna jirani atakayekupa moto wa saa tatu kila siku. Moto unanunuliwa. Na ukipima vizuri, sombe hilo la bure linakula makala kuliko nyama.

Jambo hilo nililijua kwa daftari. Mume wangu alipoondoka kwenda kuchimba almasi upande wa Banalia, aliniachia watoto wanne, wawili wao mapacha, na mama yake mzazi. Miezi ya mwanzo alituma pesa kwa watu wa pikipiki waliokuwa wakishuka mjini. Baadaye pesa ikawa salamu tu, kisha salamu nazo zikakatika. Watu wakaleta kila mmoja habari yake: ameonekana Buta, ameoa huko huko, ameugua, shimo limemfunika. Ningelia kwa ipi? Nilimwambia binti yangu mkubwa atafute daftari la shule lililobakiwa na kurasa, aandike kila franka inayotoka nyumbani. Baada ya majuma machache tukakaa kuhesabu. Nilitegemea kuona unga juu, au samaki, au ada ya shule. Makala ndiyo yaliyokuwa juu. Yakafuata maji ya kununua, kisha sabuni. Chakula chenyewe kilikuwa nyuma ya hivyo vyote.

Mama mkwe alipoelezwa alicheka mpaka akakohoa. "Mama Mapasa," akasema, "kwa hiyo sisi tunakula majivu." Mama Mapasa ndivyo anavyoitwa kwetu mwanamke aliyezaa mapacha, na tangu siku niliyozaa hakuwahi kuniita kwa jina jingine.

Toka hapo, kila kitu nilichotaka kutengeneza kwa mikono nilikiuliza swali moja kabla sijashika panga wala sindano: wewe unafuta mstari gani katika daftari? Vingi vizuri vya kutazama vilishindwa kujibu. Mazulia ya mifuko ya nailoni, maua ya chupa, sijui mapambo ya vizibo. Viliniomba siku zangu na havikufuta hata mstari mmoja.

Ujanja wa kwanza niliurithi vitani. Watu wa umri wangu hapa Boyoma, yaani Kisangani, hawakufundishwa kubana matumizi kwenye semina. Mwezi wa nane 1998 mji uliangukia mikononi mwa waasi wa RCD, na mto ukafungwa. Kisangani ndiyo mwisho wa njia ya boti: zinapanda kutoka Kinshasa kilomita zaidi ya 1,700, zinafika hapa, na maporomoko ya Boyoma yanazizuia kuendelea. Boti zilipokoma, chumvi ilikoma, sabuni ilikoma, mafuta ya taa yalikoma. Wanaume walipakia mawese juu ya baiskeli wakazisukuma majuma mazima msituni ili warudi na chumvi. Ndani ya mji pia tulibebwa na baiskeli, zile toleka, maana petroli ilikuwa kitu cha wenye bunduki.

Kisha ikaja Juni 2000. Kuanzia tarehe 5 hadi tarehe 10, jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda, wageni wote wawili, yalipigania mji ambao si wa yeyote kati yao. Makombora zaidi ya 6,000 yalianguka, mengi juu ya mitaa ya watu, na mamia ya raia walikufa. Umeme ulikatika, maji yakakatika. Mimi nilikuwa msichana. Tulilala chini, watu wa nyumba tatu ndani ya chumba kimoja chenye ukuta wa matofali. Mama yangu alikuwa na maharage na chungu, na huwezi kuwasha mbabula, jiko letu la makala, katika chumba kilichofungwa chenye watu wote wale: moshi wa makala usioonekana unaua bila mlio. Alisubiri risasi zitulie, akatoka barazani, akachemsha maharage kwa ule muda mfupi alioupata. Milio ikarudi. Akaingia na chungu, akafunga kifuniko kwa kitambaa, akakizungushia mablanketi mawili na kikwembe chake, akakiweka katikati yetu. Hakuwa na nia ya kupika. Alitaka tu chakula kisipoe kabla hajapata nafasi nyingine ya kutoka. Mchana tulipofungua, maharage yalikuwa yameiva.

Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kule The Hague, iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa uharibifu wa miaka ile ya vita. Wenye karatasi zao wanafuatilia, na Mungu awasaidie. Mimi nilichotoka nacho katika zile siku sita ni chungu kilichofungwa blanketi.

Kwa hiyo makala yalipotokea juu ya daftari nilijua pa kuanzia. Nilichukua kitunga kikubwa cha kusukwa, kile cha kubebea mihogo kutoka shambani. Ndani nikatandika mfuko wa nailoni ili unyevu usipite, kisha majani makavu ya migomba yaliyovurugwa kwa mikono mpaka yakawa laini. Yanatakiwa yawe mengi: kama sentimita 10 chini, na unene huo huo pande zote, yakiacha shimo la chungu katikati. Juu unaweka mto ulioshonwa kwa nguo kuukuu na kujazwa majani hayo hayo, au sufi ukiipata, au vipande vya godoro la sponji lililochanika. Mto uwe mkubwa kuliko mdomo wa kitunga, ukae kwa kubanwa. Joto linapenda kutoroka kwa juu.

Kazi yote ni hiyo. Hakuna msumari, hakuna fundi. Lakini kitunga kina masharti yake. Chungu kiwe kimejaa au karibu kujaa, kwa sababu maji ndiyo yanayobeba joto, na chungu nusu kinapoa haraka. Kifuniko kikae sawasawa. Maharage yalowekwe usiku kucha, maji hayo yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu nusu saa. Hapo usifanye haraka, hasa kwa maharage mekundu: yana sumu ambayo mchemko wa kweli wa dakika 10 unaimaliza, lakini joto la vuguvugu haliigusi. Yakishachemka, chungu kinatoka motoni na kuingia kitungani papo hapo, na hakuna kufungua kuchungulia. Baada ya saa tatu au nne yameiva. Mchele unahitaji mchemko wa dakika tano na saa moja ya kulala, na maji yake yapungue kidogo kuliko ulivyozoea, kwa sababu hakuna mvuke unaopotea. Ukichelewa sana, chakula kikawa cha vuguvugu tu, kirudishe motoni kichemke tena kabla ya kula. Chakula cha vuguvugu kinavunda upesi katika hali yetu hii ya joto.

Maharage yaliyokuwa yakila makala ya saa tatu sasa yanakula ya nusu saa. Na si hivyo tu. Bwawa la Tshopo, linalotuletea umeme tangu miaka ya 1950, lina mashine tatu, na si kila siku utazikuta zote zikizunguka. Tunaishi kwa delestaji, umeme wa zamu. Umeme ukitutembelea, mara nyingi ni usiku wa manane. Wenzangu wanaamka kupiga pasi. Mimi naamka kuweka maharage juu ya resho ya umeme. Yakishapata nusu saa yake yanaingia kitungani, nami narudi kulala. Ukikatika tena saa nane, shauri lao wanaopiga pasi.

Mama mkwe ni Mlokele wa Isangi, amezaliwa kando ya mto, na kitunga hakikumpendeza hata kidogo. "Chakula kinachoiva bila mtu kukiangalia," aliniuliza, "kimepikwa na nani?" Kwa maharage alinyamaza baada ya kuyaonja. Kwa sombe alisimama mlangoni akakataa. "Sombe litatoa pumzi yake wapi?" Nilidhani ni ubishi wa kizee, lakini pale alikuwa na haki kuliko mimi. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi. Kutwanga kunaifungua, na kuchemsha bila kifuniko kunaiacha iondoke pamoja na mvuke. Ukilifunika sombe bichi ndani ya kitunga, unaifungia ndani ile pumzi anayoisema. Tukakubaliana: sombe linatwangwa mpaka liwe laini kabisa, linachemka wazi mpaka ile harufu ya ubichi iishe, ndipo linatiwa mawese na karanga na kuingia kitungani kumalizia ulaini wake. Siku hizi anasema kitunga ni wazo lake.

Na kwa muhogo wenyewe sitaki mchezo. Dhiki ikibana, watu hufupisha kuloweka mihogo: badala ya siku tatu majini, moja, kwa sababu mnunuzi anasubiri au watoto wanalia. Kule Kwango, mwaka 1938, daktari Trolli aliandika juu ya ugonjwa unaoitwa konzo, unaopooza miguu ya mtu ghafla, hasa watoto na wanawake, na miguu hairudi tena. Chanzo chake ni muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, unaoliwa kila siku na watu wasio na samaki wala nyama ya kuusindikiza. Siku mbili unazookoa hapo atazilipa mtoto.

Baada ya kitunga nilirudi kwenye mbabula. Ile yetu ya bati tupu inapasha joto uwanja mzima kabla haijapasha chungu. Nchini Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1980, mafundi waliweka udongo wa kuchomwa ndani ya jiko la bati, na jiko hilo linaokoa makala asilimia 30 hadi 50. Sina tanuri la kuchomea vigae, lakini nina kichuguu nyuma ya parseli. Udongo wa kichuguu unashika. Niliuponda, nikauchuja, nikauchanganya na maganda ya mpunga ninayookota bure kwenye mashine ya kukoboa, nikaukanda kwa maji kidogo na kuupaka ndani ya mbabula unene wa vidole viwili. Ukauke kivulini, pole pole, siku nyingi, jua linaupasua. Ufa ukitokea unaziba kwa udongo huo huo. Nilipunguza pia mdomo wa hewa kwa kipande cha bati kinachosogea, maana makala yanayopepewa bila sababu ni noti inayoungua. Na upishi ukiisha, makala yaliyobaki hayamwagiwi maji. Yanaingia katika kopo la maziwa lenye kifuniko, yanakosa hewa, yanazimika, na kesho yanawaka tena.

Makala ya vumbi nayo nilijaribu. Chini ya kila gunia sokoni kuna vumbi ambalo wauzaji wanafagia na kulitupa mferejini. Ukilichanganya na uji mzito wa unga wa muhogo, kama sehemu moja ya unga kwa kumi za vumbi, ukaligandamiza ndani ya kopo lililokatwa pande zote mbili, unapata vipande vinavyowaka pole pole. Kwa maharage vinafaa sana, kwa chai ya asubuhi vitakuchelewesha shule. Tatizo lake hapa ni kukauka. Mvua zikipamba moto vinaota ukungu mweupe kabla havijakauka, kwa hiyo mimi ninavitengeneza kuanzia Januari, mvua zinapopungua, na ninavipanga juu ya dari ya jikoni ambako moshi unasaidia.

Sasa sabuni. Sabuni ndiyo iliyohama ndani ya daftari, ikatoka upande wa kutoka ikaingia upande wa kuingia.

Mawese Kisangani hayatupi shida, yanakuja kwa mitumbwi na kwa baiskeli kutoka kila upande. Na watu wengi hapa wanajua kutengeneza sabuni, au wanadhani wanajua. Wanapima kwa jicho. Ndiyo maana utaona sabuni ya mtaani inayotoa jasho la mafuta, au ile inayomchubua dobi vidole mpaka analala amevaa mikono ya nailoni. Mafuta na soda ni hesabu, hakuna bahati ndani yake. Kilo 1 ya mawese inahitaji gramu 141 za soda kostiki ili igeuke sabuni yote. Mimi naweka gramu 134, ili mafuta kidogo yabaki kwa ajili ya ngozi. Maji ni gramu 350 hivi. Mizani nilikopa kwa jirani anayenunua dhahabu ya wachimbaji wadogo. Hiyo ndiyo faida pekee niliyoipata kutoka machimboni.

Soda ina tabia mbaya moja ambayo vitabu vya nchi zenye hewa kavu havikazii: inakunywa unyevu wa hewa. Na hewa ya Kisangani ni maji. Ukiacha kopo wazi usiku mmoja, asubuhi vipande vimeshikana na vinatoa machozi, na katika zile gramu 134 utakazopima, sehemu ni maji. Sabuni haitashika, utalaumu mafuta, utamlaumu muuza mawese. Soda ikae ndani ya chupa kavu iliyofungwa, ifunguliwe wakati wa kupima tu.

Kazi ya sabuni ninaifanya nje, watoto wakiwa shuleni. Soda inatiwa ndani ya maji, kidogo kidogo. Kamwe maji yasimwagwe juu ya soda, yanaruka na kuunguza. Ndoo iwe ya plastiki nene na mwiko uwe wa mti. Sufuria ya aluminiamu isisogee karibu: soda inaila, na inatoa gesi inayoweza kushika moto. Mtu akirukiwa, ni maji mengi ya kumiminika kwa muda mrefu, basi, hakuna dawa nyingine ya kutafuta. Maji ya soda yanapata moto yenyewe. Unayaacha yapoe mpaka yawe vuguvugu kama mafuta uliyokwisha kuyachuja, ndipo unayamimina ndani ya mafuta ukikoroga. Unakoroga mpaka mchanganyiko uwe mzito na mwiko uache njia juu yake. Unamimina ndani ya sanduku la mbao lililotandikwa nailoni, unafunika, kesho yake unakata vipande.

Halafu unasubiri mwezi mmoja. Hapo ndipo wengi wanaposhindwa, na siwacheki, kwa sababu mwenye njaa hana mwezi wa kuweka kabatini. Sabuni ya juzi bado ni kali na bado ni laini. Ikikaa majuma manne mahali penye hewa inakuwa ngumu na haiishi haraka majini. Kilo 1 ya mafuta inanipa kilo 1 na robo ya sabuni kavu, au zaidi kidogo. Mimi ule mwezi niliupata kwa likelemba, mchango wetu wa zamu. Zamu yangu ilipofika, akina mama walinikabidhi fungu, nikanunua mawese na soda, na kwa mara ya kwanza tangu mume wangu aondoke nilikuwa na mali iliyolala juu ya rafu ikisubiri siku yake. Mtu wa kwanza kuijaribu alikuwa mama mkwe, aliyelowesha kipande na kukigusa kwa ncha ya ulimi. Ikiuma kama umeme, soda imezidi. Haikuuma. Akatema, akasema, "Uza."

Wateja wengine wanataka sabuni nyeupe, kwa sababu ya dukani ni nyeupe. Rangi ya mawese inaweza kuondolewa kwa kuyapasha moto mkali sana mpaka wekundu uungue, yakitoa moshi wa kuliza mtaa mzima, na yakizidi kidogo yanawaka. Nilikataa. Weupe ule ni makala matupu, na mimi nimeyakimbia makala. Sabuni yangu ni ya rangi ya machungwa, anayeitaka anajua nyumba.

Mama mkwe ana sabuni yake, ya miaka ile ya mto kufungwa. Alichoma maganda ya makemba na vichane vitupu vya michikichi, akayatia majivu katika ndoo iliyotobolewa chini, akapitisha maji taratibu, na yale maji ya kahawia yanayoteleza vidoleni akayachemsha pamoja na mawese. Inatoka laini na nyeusi, haishiki umbo, kwa kuwa majivu ya mimea yana potasi na si sodiamu. Tunaitumia kusugulia vyungu mpaka leo. Chumvi nayo waliipata kwa njia hiyo hiyo, kutoka kongo ya sika, lile gugu la maua ya zambarau lililoenea mtoni miaka ya 1950: unalikausha, unalichoma, unachuja majivu, unachemsha maji mpaka yakauke. Yeye anaisifu. Mimi nimeionja, inakera ulimi na haina madini joto yanayozuia rovu. Chumvi ya dukani haimo kati ya vitu vilivyotumaliza, sioni sababu ya kuihangaikia.

Maji yalikuwa mstari wa pili katika daftari, na jibu lake lilikuwa juu ya vichwa vyetu. Kisangani iko karibu kabisa na ikweta, inapata mvua zaidi ya milimita 1,600 kwa mwaka, na hakuna mwezi unaopita bila mvua. Milimita 1 ya mvua juu ya mita mraba 1 ya bati ni lita 1. Bati langu la mita mraba 12, mvua ya kawaida ya milimita 20, ni lita 240, yaani bidoni 12 za lita 20 ambazo sikumlipa mtu wala kumtuma mtoto. Nilipasua mianzi mirefu, nikatoa vifundo vya ndani kwa patasi, nikaifunga chini ya ukingo wa bati ikielekea pipa. Dakika za kwanza maji yanamwagwa, kwa sababu yanaosha kinyesi cha ndege. Mdomo wa pipa umefungwa kitambaa, mbu wasizae humo. Ya kufua na kuoga hayana swali. Ya kunywa yanachemshwa, au yanatiwa klorini, hakuna njia ya mkato.

Kapalata haiwezi kusahau kwa nini. Miaka ya 1997 na 1998 vijana wengi wa wanamgambo wa Mai-Mai kutoka Kivu walikusanywa katika kambi ya jeshi hapa, na kipindupindu kikawamaliza wengi wao, watoto miongoni mwao. Karibu na choo chetu nimetundika bidoni ndogo iliyotobolewa, yenye kamba iliyofungwa kwenye kijiti cha kukanyaga kwa mguu, na kipande cha sabuni ya machungwa kimening'inia pembeni ndani ya soksi. Ukikanyaga, maji yanatoka, na mkono haugusi kitu. Mapacha waliigeuza mchezo kwa siku chache, wakamaliza maji yote, kisha wakaizoea.

Mgeni mmoja aliwahi kuja kutufundisha friji ya vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, katikati mchanga uliolowa. Ni kitu cha kweli. Mohammed Bah Abba, mwalimu wa kaskazini mwa Nigeria, alikieneza huko miaka ya 1990 na mboga zikakaa majuma badala ya siku. Lakini huko upepo ni mkavu, na friji ile inapoza kwa sababu maji yanakauka. Hapa nguo ya jana bado iko juu ya kamba. Nilimuuliza mgeni wetu mchanga utakaukia wapi. Akasema tujaribu tuone. Tulijaribu. Vyungu sasa vinahifadhi maharage.

Daftari bado linaandikwa. Juu sasa kuna ada ya shule, kisha samaki, na makala yameshuka mpaka katikati ya ukurasa. Sijatajirika, mwezi ambao mtoto mmoja anaugua, sabuni yote ya rafu inakwenda zahanati. Wa Banalia hajarudi. Mama yake anaweka sahani yake kila Krismasi, nami sijamkataza.

Jumamosi akina mama wa jirani wanakuja kutengeneza sabuni uani kwangu. Wanaotaka kitunga waje na kitunga chao, majani ya migomba tutayapata hapa hapa. Soda asinunue mtu peke yake kwa kopo, sokoni wanaipunja na imeshakunywa maji. Tunachanga na kununua mfuko mzima wa kilo 25, tunaugawana siku hiyo hiyo. Mfuko unafunguliwa asubuhi kabla mawingu hayajakusanyika, na kila mmoja aje na chupa yake, kavu mpaka ndani, yenye kifuniko cha kuzungusha.